Binti yangu amemkasirikia Mo Farah, lakini anayeogopa ni mimi

Dada mpendwa, kamwene.

Nauza raba za mtumba hapa Iringa mjini, Mlandege. Nina miaka 42, mume na watoto watatu. Wa kwanza ni binti, yuko kidato cha tatu, anakimbia mita 1500. Sikumfundisha mimi wala baba yake. Alipokuwa darasa la nne walikuwa wakitumwa maji na wenzake, yeye anafika nyumbani na ndoo kichwani wenzake bado wako kona ya pili. Mwalimu wa michezo akamwona, ndiyo ukawa mwanzo.

Mwaka jana jirani yangu wa meza, anayeuza vitabu vya mtumba, alikuwa na deni langu la shilingi elfu nne. Hela haikupatikana, akanipa kitabu: Mo Farah, yule mkimbiaji wa Uingereza, anaeleza maisha yake, cha mwaka 2013. Nilikichukua kwa ajili ya picha, maana yule bwana nampenda toka zamani, na nilipojua kuwa tumezaliwa mwaka mmoja, 1983, nikamwona kama mtu wa kwetu. Kiingereza changu mimi ni cha kusomea namba za viatu, kwa hiyo tukawekeana utaratibu na binti. Usiku tukishakula, mimi nasugua raba kwa mswaki wa zamani na sabuni ya unga, yeye anakalia ndoo iliyofudikizwa, anasoma ukurasa kimyakimya halafu ananipa kwa Kiswahili. Tulikwenda hivyo miezi mitatu. Siku tuliyofika kwenye mita 10,000 za London 2012 alisimama juu ya ile ndoo, akashika mwiko kama maiki, akatangaza mizunguko yote 25 mpaka wadogo zake wakaamka wakawa wanashangilia hata hawajui nini. Dada, nyumba yangu haijawahi kuwa na usiku mzuri kama ule.

Mwaka huu mwezi wa sita alirudi shule amenuna. Hakula. Nikamuuliza, akasema, "Mama, yule mtu hata si Mo Farah." Rafiki yake alikuwa amemwonyesha kwenye simu. Kumbe mwaka 2022 mwenyewe alijitokeza akasema jina lake la kuzaliwa ni jingine, kwamba alipelekwa Uingereza akiwa mtoto na mwanamke asiyemjua, kwa karatasi za mtoto mwingine, na akafanyishwa kazi za ndani. Wazazi wake hawakuwahi kuishi huko. Sasa kitabuni tulisoma kwamba alikwenda kuungana na baba yake! Binti yangu aliipenda sana sehemu ile, alinisomea mara mbili.

Tangu siku hiyo kitabu amekiweka chini ya mguu wa meza yangu ya viatu, ule unaochezacheza. Nikikitoa anakirudisha. Picha aliyokuwa ameibandika ukutani ameibandua. Alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kupandisha Gangilonga na kushuka. Sasa analala mpaka nimwamshe. Wiki mbili kabla alikuwa kwenye mchujo wa mkoa wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, akawa wa tano, hakuchukuliwa, lakini hilo alilipokea vizuri tu. Kinachomuuma ni huyu mtu. Anasema, "Kama alidanganya jina, kipi hakudanganya?"

Hapo ndipo kitanzi changu kilipo.

Mimi pia jina hili si langu. Mwaka 1992, nikiwa na miaka tisa, mama mmoja wa ukoo wetu alikuja kijijini kwetu Mufindi akamwambia mama yangu ananichukua kwenda kunisomesha Dar es Salaam. Nilipanda basi na mfuko wa rambo wenye gauni moja na madaftari mawili. Madaftari yaliwashiwa jiko la mkaa wiki ileile. Nilikaa miaka minne nikilea watoto wa mwenzangu, nikiosha, nikipika, shule naisikia kengele tu. Aliyeniokoa ni mama wa jirani aliyekuwa akiuza vitumbua. Alinichangia nauli, akanipandisha basi la kurudi.

Niliporudi nilikuwa na miaka kumi na tatu na sijavuka darasa la pili. Mwalimu mmoja kijijini akanihurumia. Kulikuwa na msichana wa darasa la sita aliyeacha shule akaolewa, jina lake bado lipo kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu akasema, kaa kwenye dawati lake. Nikakaa. Nikafanya mtihani wa darasa la saba kwa jina lake, na kuanzia hapo kila karatasi ikafuata: kadi ya kliniki, cheti cha ndoa, kitambulisho cha taifa, vyeti vya kuzaliwa vya wanangu. Mume wangu ananijua kwa jina hilo. Kijijini mama yangu ananiita jina langu lenyewe, na wanangu nimewaambia ni jina la utani la utotoni.

Mwenye jina yupo. Nilimwona mara moja, stendi ya Mafinga, anauza njegere. Nilikuwa dirishani ndani ya basi. Mwenzake akamwita kwa sauti, mimi nikageuka, naye akageuka. Tukatazamana. Nilinunua njegere mifuko miwili, chenji nikamwachia, basi likaondoka.

Sasa niambie, Dada. Binti anaposema yule mtu ni mwongo, nanyamaza, na yeye anafikiri tumekubaliana. Nimtetee Mo Farah bila kusema yangu? Nimwambie yote? Au niache hasira zimpungue, kitabu kikae chini ya meza, maisha yaendelee?

Mama Raba, Iringa

*

Mama Raba, kamwene sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nairudia sentensi moja ambayo wewe umeipita mbio kuliko binti yako. Kwamba alikuwa wa tano mkoani, hakuchukuliwa, na "alilipokea vizuri tu". Mtoto wa kidato cha tatu aliyeamka saa kumi na moja kwenye baridi ya Iringa mwaka mzima, mnaijua wenyewe baridi ya mwezi wa sita, akaachwa kwenye timu, halafu akalipokea vizuri? Mimi siamini. Nadhani alilimeza. Wiki mbili baadaye akapata mtu mkubwa wa kumwagia uchungu wake, mtu aliye mbali, asiyeweza kumjibu. Simaanishi hasira yake kwa Mo Farah ni ya uongo. Ni ya kweli, lakini imebeba mzigo wa watu wawili. Kwa hiyo kabla ya yote, siku moja mkiwa mnasugua viatu, muulize ile mbio ilikwendaje. Usimuulize alikuwa wa ngapi. Muulize alizibwa wapi, aliondoka mapema au alichelewa, nani alimpita kwenye mzunguko wa mwisho. Halafu nyamaza, msikilize mpaka amalize.

Sasa tuje kwa mzee wetu huyu. Binti ameipata habari kwa vipande vya kwenye simu ya rafiki, na vipande vinakata. Mpe mtiririko wake, maana anastahili kukasirika akiwa na habari kamili.

Alizaliwa Somaliland, akaitwa Hussein Abdi Kahin. Ana pacha wake, Hassan. Baba yao aliuawa kwa risasi vitani wakiwa na miaka minne. Wakapelekwa Djibouti, na huko, akiwa na umri wa miaka tisa hivi, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona akamchukua kwenda London kwa hati zenye jina la mtoto mwingine, Mohamed Farah. Mtoto alikuwa na karatasi yenye anwani za ndugu zake walioko Ulaya. Walipofika nyumbani, yule mwanamke akaichukua, akaichana mbele yake, akaitupa kwenye pipa la taka. (Niliposoma kuhusu madaftari yako na jiko la mkaa, nilisimama kidogo, nikaenda kunywa maji.) Akawa mtoto wa kazi: kuosha, kulea watoto wa mwenye nyumba. Akaambiwa akitaka kuwaona tena ndugu zake afunge mdomo. Alikuwa akijifungia bafuni analia.

Shule alipelekwa baadaye, akiwa na miaka kumi na miwili hivi. Huko mwalimu wa michezo, Alan Watkinson, akaona mtoto asiyeelewa darasani lakini akiingia uwanjani anakuwa mtu mwingine. Mtoto akaja kumwambia ukweli. Watkinson akawaita watu wa ustawi wa jamii, mtoto akahamia kwa mama wa rafiki yake, Msomali mwenzake, akakaa huko miaka. Mwaka 2000 akapata uraia wa Uingereza, na uraia ule ukaja kwa jina lilelile la kwenye hati.

Hii ndiyo sehemu ninayotaka binti aielewe. Kuanzia siku ile, kila medali iliyopatikana ilizidi kulifunga fundo. Tarehe 4 Agosti 2012 alipochukua dhahabu ya mita 10,000, na siku saba baadaye ya mita 5000, jina lililotangazwa duniani kote lilikuwa la mtoto mwingine. Hapo ndipo kampuni ya vitabu inapokuja: tuandikie maisha yako. Afanye nini? Aseme ukweli, na uraia uliopatikana kwa maelezo yasiyo ya kweli unaweza kufutwa kisheria? Hilo halikuwa jambo la kufikirika. Kwenye filamu ya BBC ya Julai 2022, alimoisema habari hii mwenyewe, mwanasheria alimweleza wazi kwamba hatari ipo. Serikali ya Uingereza ndiyo baadaye ikasema haitamchukulia hatua. Mwaka 2013 hakuna aliyekuwa amemhakikishia hivyo.

Binti atasema: basi asingeandika kitabu. Na mimi nitamuunga mkono. Kwa kweli angeweza kukataa. Alikuwa na miaka thelathini, hakuwa tena yule mtoto wa bafuni. Walionunua walilipa fedha zao na imani yao, na msomaji mmoja wa Iringa alikalia ndoo miezi mitatu akimfasiria mama yake habari za baba asiyekuwepo. Hilo halifutwi na huruma. Usimkataze hasira hiyo. Ni hasira ya msomaji aliyesoma kwa moyo, na wasomaji wa namna hiyo si wengi.

Ila swali lake, "kipi hakudanganya?", lina jibu, na jibu lake lipo kwenye saa. Dakika 27 na sekunde 30.42 za London hazikuandikwa na Mo Farah wala na aliyemsaidia kuandika. Maana vitabu hivi, Mama Raba, mara nyingi mwanamichezo anasimulia na mwandishi wa kazi hiyo ndiye anayeandika. Mwambie binti aangalie ukurasa wa ndani, atakuta na jina la mtu mwingine. Kitabu cha bingwa kina mambo ya aina mbili. Kuna yaliyotokea mbele ya watu elfu themanini, na kuna yaliyotokea jikoni kwa mtu, ambayo shahidi wake ni yeye peke yake. Msomaji mzoefu hayapimi kwa mzani mmoja.

Na kama anataka kumjua bingwa aliyeudanganya uwanja wenyewe, amtafute Lance Armstrong, Mmarekani wa mbio za baiskeli. Mwaka 2000 alitoa kitabu cha jinsi alivyopona saratani akarudi kushinda Tour de France. Wagonjwa dunia nzima walikishika kama dawa. Mwaka 2012 akanyang'anywa mataji yake yote saba kwa kutumia dawa zilizokatazwa, na Januari 2013 akakiri mwenyewe kwenye televisheni. Yule alificha kilichomshindisha. Mwingine alificha alichofanyiwa akiwa na miaka tisa. Ukiwaweka wote kwenye kapu moja lililoandikwa "waongo" hujakosea neno, lakini umeacha kusoma.

Basi, Mo Farah tumemaliza naye. Nakuja kwako.

Unaniuliza umtetee yeye bila kusema lako. Hapana. Huyo mwanaume wa London usimfanye mshenga. Ukianza kumtetea kwa jicho la machozi, binti atashangaa mama anamlilia nani, na siku atakapojua, hata utetezi ule ataukumbuka kama ujanja. Kuacha yaishe nako nakuelewa. Ndiyo njia uliyoishi nayo karibu miaka thelathini na imekulinda. Lakini binti yuko kidato cha tatu. Muda si mrefu atajaza fomu zake mwenyewe, atauliza cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi, au bibi yake atateleza ulimi siku ya msiba mbele ya watu arobaini. Kitu hiki kitasemwa. Kilichobaki ni nani atakisema, na mimi ningependa uwe wewe, ndani ya nyumba yako, mswaki mkononi.

Lakini usianze na yeye. Anza na baba yake. Ukimwambia mtoto kwanza, umempa siri ya kumficha baba, na huo ni mzigo uleule ulioubeba wewe ukiwa na umri mdogo kuliko wake. Mke wa Mo Farah, Tania, alisema kwamba kabla ya ndoa yao ya 2010 aliona simulizi ya mchumba wake ina mapengo mengi, akamuuliza na kumuuliza mpaka akachoka akasema. Mumeo huenda naye ameona mapengo akakaa kimya kwa heshima. Mwanaume aliyekwenda ukweni Mufindi miaka yote hiyo, akasikia mama mkwe anakuita jina jingine kila siku, hajawahi kujiuliza? Labda. Mchague akiwa ameshiba, hana haraka, watoto hawapo. Usianze na "nina jambo la kukuambia", ataona msiba mbele. Anza na basi. Anza na mfuko wa rambo. Mpaka ufike kwenye jina, atakuwa ameshapanda basi pamoja nawe.

Kwa binti, fanya vilevile, ila ufupi zaidi, na kitu kimoja usikifanye: usimwombe akuelewe. Mwambie ilivyokuwa, mwambie jina lako la kwanza ni lipi, na kwamba uliogopa kumwambia alipoanza kumwita yule bwana mwongo. Anaweza kunyamaza. Anaweza kuuliza maswali ya ajabu, kama jina lake la katikati litakuwaje. Anaweza hata kukununia wewe wiki nzima, maana sasa mwongo yuko jikoni, si London. Mwache. Akisema neno kali, usimjibu kwa kumkumbusha ulivyomlea.

Jambo moja hulijui kwa jinsi ulivyoandika. Umeandika mwalimu alikuhurumia, mama wa vitumbua alikuokoa, yule mama wa ukoo alikuchukua. Kila mtu amefanya kitu, ila huyo mama wa ukoo umempa neno laini. Ngoja nilitafute lililo gumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na tangu 2008 tuna sheria inayozuia usafirishaji haramu wa binadamu, ambayo inamgusa anayemchukua mtoto kwa ahadi ya shule akamgeuza mtumishi. Hazikuwepo ulipopanda basi lile, na sikuambii ukamshitaki mtu. Nakuambia kwamba ulichofanyiwa kina jina kwenye vitabu vya serikali, na jina hilo si "kusaidiwa". Sisi wa nyanda hizi tumezoea sana. Mimi nimekulia Mbeya. Mabasi ya alfajiri tumeyaona, watoto wa watu wamekaa siti ya nyuma na kimfuko, wanaambiwa shangazi anawapeleka mjini. Tulikuwa tunawaonea wivu! Hata leo ukiona mtoto wa namna hiyo, namba ya kupiga ni 116, bure.

Kuhusu karatasi. Usikimbilie ofisi yoyote, na usimwache mtu wa stendi akuandikie kiapo cha elfu kumi kinachosema mambo nusu. Nenda kwa wakili, au kama hela hakuna, watafute wasaidizi wa kisheria wa wilaya, na uwaeleze yote, pamoja na kwamba mwenye jina yuko hai. Kuna njia ya kisheria ya kubadili jina kwa hati inayosajiliwa, lakini kwako kuna mtu wa pili katikati, na wakili ndiye anayejua kipi kitangulie. Inaweza kuchukua muda. Inaweza pia ukaamua kubaki na jina hili. Mo Farah alibaki na lile la kwenye hati.

Na huyo mwenye jina. Eneo lile la barua yako, basi limesimama Mafinga na wanawake wawili wamegeuka kwa mwito mmoja, sitalisahau haraka. Kwenye ile filamu, mwishoni, Mo Farah anazungumza kwa simu na Mohamed Farah mwenyewe, ambaye amekuwa mtu mzima naye ana maisha yake. Sijui kama mwenzako wa njegere anajua kwamba jina lake lilifanya mtihani wa darasa la saba bila yeye. Aliacha shule akaolewa akiwa darasa la sita. Sidhani kama na huko kulikuwa na hiari sana. Siku ambayo mumeo na binti wamejua, na wakili ameshakusikiliza, ningepanda basi nikashuka Mafinga badala ya kukaa dirishani. Msalimie, nunua njegere, kaa kwenye ndoo yake. Mengine yatakuja yenyewe au yasije.

Nirudi kwa mkimbiaji. Kama anakimbia mita 1500, kuna mtu wake wa karibu zaidi ambaye hajamsoma. Filbert Bayi, wa Karatu, aliyeingia mbio hizo za Christchurch mwaka 1974 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola akaondoka mbele tangu mwanzo, akaongoza mwanzo mpaka mwisho, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2, huku John Walker wa New Zealand akimfukuza nyumbani kwao mbele ya watu wao. Miaka miwili baadaye ilikuwa Olimpiki ya Montreal, dunia nzima inasubiri hao wawili wakutane tena, na Tanzania ikasusia pamoja na nchi nyingine za Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Hakukimbia. Naye ameandika kitabu chake, kwa Kiingereza. Mwambie jirani yako wa meza, siku akidaiwa tena, akitafute hicho. Binti aliyeachwa kwenye timu akiwa wa tano atakuwa na la kumuuliza mtu aliyekuwa wa kwanza duniani akaachwa nyumbani.

Alfajiri usimwamshe kwa lazima. Ila hizo raba zake ulizomwekea, zilizo bora kwenye belo, zisugue uziweke mlangoni kama kawaida.

Na kitabu kitoe chini ya ile meza. Akikirudisha, kitoe tena. Matofali ya kuchoma Iringa yamejaa kila kona, utakosaje moja la kuzuia meza.